Riwaya ya "Peponi": Tumeisoma au Tumeisikia?

Ukipita katika baraza zetu baada ya sala ya Alasiri, au ukikaa na kina mama shughulini kabla biriani haijapakuliwa, huenda ukasikia kitabu kikizungumzwa. Hili ni jambo la kushukuriwa, kwani kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ni bei ya samaki, mpira na posa za watu. Kitabu ninachokisikia mimi kikitajwa zaidi ya vyote ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza angali kijana na akasomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hesabu mwenyewe. Miaka 28 kitabu kinachosimulia watu wa pwani kilisomwa na walimwengu, na wengi katika sisi hatukukijua hata jina.

Sasa jina twalijua. Ninalotaka tulitazame leo ni kama tunajua chochote zaidi ya jina.

Bwana mmoja, mtu mwenye heshima zake, alinambia kuwa kitabu hiki hapana budi ni kizuri maana kimepata Nobel. Nikamwambia, ami yangu, tuzo ile haikupewa kitabu hiki, amepewa mwandishi kwa kazi yake yote, na hadi mwaka ule alikuwa amekwisha toa riwaya 10. Akasema, basi zote ni nzuri. Mwengine kasema kitabu kinatuvunjia heshima, kwani kinawaonyesha wafanya biashara wa pwani wakichukua watoto wa watu kwa madeni. Wa tatu, naye ndiye aliyenishughulisha zaidi, alisema mbele ya jamaa kuwa ndani yake Qur'ani inafanyiwa mzaha, na kuwa haifai kitabu kama hicho kuingia katika nyumba yenye msahafu. Nikamwuliza: umekisoma? Akajibu kuwa alitumiwa katika simu picha ya ukurasa mmoja. Na aliyekutumia alikisoma? Naye alitumiwa.

Wanavyuoni wetu wa hadithi, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuwa hawaipokei khabari mpaka wamjue aliyeipokea, na aliyempokelea huyo, na kama mtu na mtu walikutana kweli. Walimchunguza rawi mmoja mmoja: huyu ni mkweli lakini hifadhi yake dhaifu, huyu hakuonana na anayedai kupokea kwake. Elimu hiyo ilikuwa kwa ajili ya maneno ya Mtume (s.a.w.), wala si kwa ajili ya riwaya za kubuni, nami sitaki kuvichanganya vitu viwili visivyolingana. Lakini tabia yake ni moja. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Waislamu wanaamrishwa kuihakikisha khabari isije ikawafanya wakawadhuru watu kwa kutojua. Mwenye kusema juu ya kitabu anatoa ushahidi. Atashuhudiaje asichokiona?

Usinambie kuwa haya ni mambo madogo ya barazani. Neno la mtu mzima barazani likifika nyumbani huwa hukumu. Baba husikia kuwa kitabu fulani ni kibaya, akarudi, akakikuta mkononi mwa binti yake, akakichukua pasi na kukifungua. Naijua nyumba iliyofanya hivyo kwa kitabu hiki hiki. Binti yule hakuacha kusoma vitabu. Aliacha kusoma mahali ambapo babake anaweza kumwona, na akaacha kumwuliza babake maana ya analolisoma. Baba yule ni mtu mwenye elimu ya dini, tena mwenye maneno mazuri, na ndani ya kitabu alichokichukua mna maswali ambayo yeye angeyajibu vizuri kuliko mwalimu wake yeyote wa skuli.

Basi na tukifungue.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Babake ana hoteli ndogo katika mji mdogo wa bara, ulio katika njia ya reli, zama za Wajerumani kabla ya vita vya mwaka 1914. Mara kwa mara huja mgeni, tajiri wa misafara, aitwaye Aziz. Mtoto amefundishwa kumwita ami, na ami akija humpa sarafu. Siku moja Yusuf anapandishwa gari la moshi pamoja na ami, akidhani anakwenda kutembea. Anafikishwa pwani, analazwa katika upenu wa duka pamoja na kijana mmoja, Khalil, na hapo ndipo anapoambiwa: huyu si ami yako. Mwite Seyyid. Babako anawiwa naye, na wewe umewekwa rehani.

Msomaji wa Ulaya huona hapo kisa cha mtoto aliyechukuliwa. Sisi tunaona zaidi, au tungeona kama tungesoma. Ami kwetu si neno la adabu tu. Ami ni ndugu wa baba, ana haki juu yako na wewe una haki juu yake. Babako akifa, ami ndiye wa kukutazama. Tajiri huyu ameruhusu neno hilo litumike miaka mingi, akalipa kila mara kwa sarafu moja, na chini ya neno hilo deni likawa linakua. Mwandishi hasemi lolote juu ya ubaya wa jambo hili. Anamwacha Khalil amsahihishe mtoto mara baada ya mara, na mtoto arudie kosa lake mara baada ya mara, kwa sababu ulimi uliozoea kusema ami hausahau upesi. Mimi sijasoma kwengine kokote mahali ambapo neno la udugu limefunuliwa hivi, tena bila ya kelele.

Yule bwana aliyesema kuwa haya yanatuvunjia heshima simlaumu kwa kuona uchungu. Lakini ajiulize kama ni uwongo. Biashara ya misafara ilikwenda kwa mkopo. Wenye mali waliwakopesha wafanya biashara, wafanya biashara wakawakopesha wa bara, na palipokuwa hapana fedha, watu ndio waliokuwa dhamana. Vitabu vya tarikh vimeyaeleza, na wazee wetu walikuwa wakiyajua bila ya vitabu. Na Aziz mwenyewe hakuchorwa kuwa dubwana. Ni mtu mpole, msafi, mwenye manukato na kanzu nzuri, mwenye kusali, hapandishi sauti yake. Lau angechorwa mwenye kupiga watu mijeledi tungelala usingizi, tukisema huyu si katika sisi.

Sasa nije kwenye ule ukurasa uliozunguka katika simu.

Yusuf anapopelekwa bara kukaa kwa Hamid, mwenye duka katika mji wa mlimani, kuna siku wanaume wanazungumza. Yumo Hamid, na Hussein aliyetoka Unguja, na Singasinga mmoja fundi, wanayemwita Kalasinga. Wanabishana juu ya bustani ya pepo, na Kalasinga, mtu wa mzaha na maneno mengi, anasema atafasiri Qur'ani kwa Kiswahili ili wenyeji wajue wanaabudu nini. Maneno yake ni ya dharau. Wenziwe wanamrudi: Kiarabu hukijui, utafasiri vipi? Kumbe nia yake ni kufasiri kutoka katika tafsiri ya Kiingereza!

Mtu akiukata ukurasa huu peke yake akautuma, haoni anayesema ni nani wala wanaomjibu. Akisoma sura nzima ataona kuwa anayechekwa pale ni Kalasinga, tena na rafiki zake, na kuwa urafiki wao haukuvunjika. Maneno ya mtu ndani ya riwaya ni ya mtu huyo. Hata Qur'ani yenyewe imetuhadithia maneno ya Firauni, na hakuna Muislamu aliyedhani kuwa yale ndiyo mafundisho yake.

Tena kuna jambo jengine ambalo msomaji wa pwani peke yake ndiye wa kulitambua. Mzaha wa Kalasinga ulikuja kuwa kweli. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyochapishwa ilikuwa ni ya kasisi, Godfrey Dale wa misheni ya UMCA Unguja, mwaka 1923. Waislamu wa pwani hawakuridhika nayo, na haki yao. Lakini jibu lililobaki mpaka leo si lile la kukataza watu wasiitazame. Jibu lililobaki ni lile juzuu kubwa lililo katika makabati ya nyumba zetu, Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, ambamo Sheikh anapopinga tafsiri iliyotangulia huonyesha aya na neno analolipinga. Nadhani Gurnah aliyajua haya alipomtia Kalasinga maneno yale kinywani.

Na yule aliyesema kitabu kinaifanyia mzaha Qur'ani hakufika, inaonekana, pale panapohusu Qur'ani khasa. Katika mwezi wa Ramadhani, nyumbani kwa Hamid, inagundulika kuwa Yusuf, kijana mkubwa sasa, hajui kusoma msahafu. Mkewe Hamid, Maimuna, anashtuka. Kijana anapelekwa chuoni kukaa pamoja na watoto wadogo. Nani wa kulaumiwa? Wazazi walimtoa mapema. Tajiri alimtumia dukani miaka, naye huyo huyo tajiri ni mtu wa sala tano. Duka lilifunguliwa kila siku, hesabu ikaandikwa kila jioni, na hakuna aliyemkalisha mtoto akamfundisha alifu. Hapa mwandishi amegusa kidonda chetu, kwa sababu mpaka leo wako watoto wanaoletwa mjini kutoka mashamba "kulelewa", wanafagia, wanachota maji, wanabeba watoto wa wenyewe, na ikifika saa ya chuo watoto wa nyumba huenda na wao hubaki jikoni. Kama ningekuwa na kitabu hiki mkononi na dakika kumi tu za kuwasomea watu, ningesoma hapo.

Kisa chenyewe kimejengwa juu ya Sura Yusuf, na hili nalo msomaji wetu halihitaji kuelezwa. Yuko Yusuf mzuri wa sura, aliyetolewa kwao na watu wake. Iko nyumba ya tajiri yenye bustani iliyozungukwa na ukuta. Yuko mke wa tajiri, na jina lake ni Zulekha, jina ambalo halimo katika Qur'ani lakini twalijua kutoka kwa wafasiri na wasimulizi. Ana alama usoni, na anaamini kijana huyu ana baraka ya kumponya. Kanzu inachanika, na inachanika kwa nyuma. Mwandishi ametuwekea ishara hizi zote tukafurahi kuzitambua, kisha akatunyima mwisho tuutakao. Nabii Yusuf (a.s.) alitoka gerezani akapewa hazina za nchi na akaonana na babake. Yusuf huyu hana ufunuo, hana ndoto inayotafsiriwa, hana babake wa kurudi kwake. Wako watakaosema kuwa kukichukua kisa cha Nabii na kukivika kijana wa dukani ni utovu wa adabu. Mimi sioni hivyo. Hakuna palipodaiwa kuwa huyu ni yule. Tofauti baina yao ndiyo inayotuumiza, na hawezi kuumizwa nayo ila mwenye kuijua ile sura. Ndiyo maana nasema maoni yetu juu ya kitabu hiki yana thamani ambayo maoni ya wahakiki wa London hayana, kwa sharti moja tu, kuwa tukisome.

Yapo nisiyoyapenda. Sehemu ya msafara wa kwenda bara ni ndefu. Mvua, maradhi, ushuru wa machifu na matusi ya mnyapara vinajirudia mpaka msomaji huchoka kama mpagazi. Watu wa bara, kwa kurasa nyingi, twawaona kwa macho ya wasafiri tu, macho ya dharau, na msomaji asiye mwangalifu aweza kuionja dharau hiyo kama utamu. Ni kweli kuwa anapofika Chatu, mtawala aliyewanyang'anya mali yao, mambo hugeuka, kwani Chatu ana hoja yake: aliwahi kudhulumiwa na mfanya biashara aliyetangulia. Lakini hoja hiyo imechelewa kufika. Na wanawake vilevile. Amina, dada wa kulea wa Khalil, aliyechukuliwa kwa deni na kisha akaolewa na tajiri, ndiye mwenye kisa kizito kuliko wote, na anasema karibu na mwisho. Bustani ile inayoitwa pepo na wanaoitazama kutoka nje, yeye anayeishi ndani yake haioni kuwa pepo hata kidogo. Ningependa kumsikia zaidi.

Wazazi nao niwape khabari iliyo sawa. Yamo maneno machafu ya wapagazi, na yamo yanayofahamika juu ya tabia ya mnyapara Mohammed Abdalla ambayo si ya kusomewa watoto ukumbini. Si kitabu cha mtoto wa skuli ya msingi. Kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea sioni ubaya, khasa ikiwa mzazi naye amekisoma na yuko tayari kuulizwa.

Juu ya tafsiri nitasema machache. Jina la Kiingereza ni neno tupu, Pepo. Mfasiri ametia "ni" mwishoni, likawa mahali. Kila ukilitazama jalada unajiuliza ni nani aliyeko huko. Nimelipenda. Kisha maneno kama seyyid, mnyapara na rehani, ambayo katika Kiingereza yalikuwa wageni waliosimama mlangoni, hapa yamekaa kitako. Kazi ya kurudisha kwa Kiswahili kitabu ambacho watu wake walikuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo si sawa na kufasiri kitabu cha ugenini, na mwenye kutaka kuipima kazi hii asome kwa sauti. Nyumba zetu zilizoea kusikiliza vitabu. Tendi zilisomwa na mmoja mwenye sauti, na waliobaki walikuwa wakisuka ukili au wakichambua mchele.

Huku ndiko ninakotaka tuelekee. Tabia ya kutoa maoni bila ya kusoma haiko kwa wazee wa barazani pekee. Watoto wetu wa sekondari husoma miongozo badala ya vitabu, wakakariri "maudhui" na "dhamira" za riwaya ambayo hawajui hata inavyoanza. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021, niliwasikia watu wakiihukumu riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 kwa waliyoyaona katika filamu. Hao wote dawa yao ni moja, nayo ni nyepesi: nakala moja, jioni mbili kwa wiki, mmoja asome na wengine wasikilize. Bei ikiwa ni nzito kwa mtu mmoja, jirani watatu huiweza.

Nami nimeona inavyokuwa. Katika nyumba moja kitabu hiki kilisomwa hivyo, na msikilizaji mkubwa alikuwa bibi wa miaka mingi ambaye macho yake hayasomi tena. Tulipomaliza, vijana wakaanza kubishana juu ya mwisho. Yusuf anawaona askari wa Kijerumani wakipita na watu waliowakamata. Akiwa amejificha anawatazama mpaka wameondoka, kisha anatoka mbio kuwafuata. Kijana mmoja alisema ameukimbia utumwa wa tajiri. Mwengine akasema amekimbilia utumwa ulio mbaya zaidi. Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, na bado niko, kwa sababu naona mwandishi amemwonyesha Yusuf watu wenye kuvalia nguo za serikali wasiokuwa na huruma, kisha akamwacha aende kwao hali ya kuwa amekwisha yaona.

Bibi hakuingia katika ubishi wa askari. Aliuliza: "Na mamake? Yule mama aliyempakia mwanawe gari la moshi, mbona hatumwoni tena?" Vijana wakatazamana. Mmoja akavishika vile kurasa vya mwanzo akaanza kuvifunua, akitafuta pale mama anapoagana na mwanawe, asome tena.